Nilitia Chemko Kwenye Wimbo wa Marehemu Shija

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia bure. Shule niliishia darasa la nne, lakini gitaa nalijua. Siwezi kujifanya sikuelewa nilichokifanya.

Duara letu, shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia tukiwa chini, mimi na Shija. Aliyenifukua ni Maduhu, kaka yake Shija. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka! Mimi nikatoka. Shija tulimsikia akiita, baadaye hatukumsikia tena.

Maduhu ndiye alikuwa anapuliza saksafoni kwenye bendi yetu ya jazi hapa Geita. Baada ya msiba akatunga wimbo wa bluzi, wa polepole, hauna hata neno moja. Mazoezini akanipangia:

"Mimi napuliza kumwita. Wewe jibu kwa waya mmoja, uvute mpaka ulie. Halafu wote kimya, tunahesabu nane. Hapo usitie kitu, kaka. Hapo tunamsikiliza Shija."

Nikakubali. Wiki tatu za mazoezi, na machozi nilitoa.

Sasa sikieni ushetani. Jumapili ya bonanza, mchana, mwenye baa tuliyokuwa tunapigia, Nkwabi, akanivuta jikoni. "Mnaleta matanga humu? Wateja wangu wanatoka mashimoni, wanataka kuruka! Pale mnaponyamaza, tia chemko. Ukifanya hivyo, kiongozi wa bendi ni wewe."

Chemko ni ile sehemu ya kuchezea, gitaa linakimbia na watu wanamwaga jasho. Bundala, mpiga ngoma wetu, akacheka: "Maduhu atanuna siku mbili, atazoea." Nawataja wote wawili, wajijue! Lakini vidole vilikuwa vyangu.

Kumbe mama yao Shija na Maduhu ameletwa kutoka kijijini Songwa! Amekaa mbele kabisa, kitenge mabegani.

"Shikamoo, mayu," nikamsalimu mama.

"Marahaba, ng'wanawane," akaniita mwanawe kwa Kisukuma. " Nimekuja kumsikia mwanangu."

Hata hapo sikuacha! Jamani, hata hapo!

Maduhu akapuliza. Nikajibu. Baa nzima ikatulia, mpaka mchoma nyama akaacha kukata. Tukafika kwenye kimya. Moja, mbili, tatu... nikalitandika gitaa! Bundala akadakia. Watu wakaruka, miluzi, viti chini. Mama yuko katikati ya walevi, ameinua mkono, anawaomba wanyamaze asikie.

Maduhu hakunipiga. Heri angenipiga! Alisogea akaniuliza taratibu, "Siku ile na wewe unaniita kule chini ya kifusi, ningecheza kwanza?" Akamshika mama yake mkono, wakaondoka.

Uongozi nilipewa. Uongozi wa nini? Bila saksafoni yake bendi haikumaliza miezi miwili, na Nkwabi akaleta watu wa kupiga muziki wa kompyuta.

Nilienda Songwa, Maduhu alikorudi, kuomba msamaha. Mama alinipa maji na kigoda. Maduhu aliposikia sauti yangu alitokea mlango wa nyuma, akaenda kwa ng'ombe, hakurudi mpaka nilipoondoka. "Tangu siku ile hapulizi," mama akaniambia.

Wapigaji wenzangu wa Kahama, Shinyanga na huku kwetu, nawaonya. Bosi akikuita pembeni ubadilishe wimbo wa mwenzio, mwite mwenye wimbo aje asikie na yeye. Ukiona huwezi kumwambia usoni, weka gitaa chini! Mimi sikuliweka. Leo mtu aliyenitoa kaburini, nikimpigia simu, anakata.