Saa ya Bi Tangazo

Siku Fundi alipomwona Bi Tangazo kwa mara ya kwanza, alimkuta amepanda juu ya kreti la soda katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akiigombeza spika.

"Jana ulisema vizuri, leo umenuna! Nani kakuudhi?"

Fundi ndiyo kwanza alikuwa ameteremka kwenye kivuko, mkoba wa bisibisi na waya begani, ameitwa na kamati kutoka ng'ambo aje kutengeneza mitambo ya tamasha. Alikuwa mtu wa haya. Shule yake iliishia ya msingi, na mengi ya maneno aliyoyajua alikuwa hajawahi kuyatumia. Akasimama pembeni akingoja aonekane.

"Na wewe," Bi Tangazo akamgeukia, "ndiye fundi, au umeletwa nawe utengenezwe?"

Fundi akafungua mdomo, kisitoke kitu. Akafungua spika badala yake. Panya alikuwa ameguguna waya. Nusu saa baadaye kisiwa kizima kikasikia sauti ya mwanamke: "Haya, nimerudi. Mlidhani nimekufa?"

Fundi alikuja kwa siku nne, akakaa miaka kumi na minane.

Bi Tangazo alikuwa dobi, na hata kufua alifua kwa kelele. Lakini siku nne za tamasha kila mwaka, wageni walipojaa mpaka wenyeji wakahamia jikoni ili vyumba vipate wapangaji, yeye ndiye aliyeshika maikrofoni. Alitangaza mbio za magunia, kuvuta kamba, maonyesho ya mavazi, na mashindano ya kuogelea ambayo wageni waliyapenda kuliko yote.

Mwaka ule wa kwanza alitangaza kuvuta kamba saa mbili asubuhi. Fundi akakimbia kutandaza nyaya, jasho likimtoka. Saa mbili ikafika, uwanjani yupo yeye na kamba.

"Dada," akasema kwa shida, "watu hawajaja."

"Watakujaje? Kuvuta kamba ni saa tatu."

"Umetangaza saa mbili."

"Mwanangu, watu wa hapa ukiwaita saa tatu wanakuja saa nne. Mimi nawaita wakiwa bado wanatafuta sabuni. Wao wanajua ninawadanganya, nami najua kwamba wanajua. Tunaelewana."

"Na wageni?"

"Hao wamebandikiwa karatasi kwenye nyumba wanazolala. Karatasi inasema kweli. Nani wa hapa anasoma karatasi?"

Hivyo ndivyo tamasha lilivyokwenda miaka yote, na halikuchelewa hata siku moja. Ila siri ya saa hiyo kamati haikuijua. Wajumbe wake walikuwa waheshimiwa, na waheshimiwa hufuatwa nyumbani mambo yakiwa tayari.

Kilichomponza Bi Tangazo ni ulimi. Mwaka mmoja alimwona mgeni mmoja akinyemelea kibanda cha vinywaji, akasema kwa spika zote kumi na mbili: "Wewe mwenye kaptura ya maua, mkeo anakutafuta. Na unajua anakutafuta." Uwanja ulivunjika mbavu. Mgeni akaandika barua ya malalamiko. Tamasha lililofuata lilipokaribia, mwenyekiti wa kamati, mdogo wa marehemu mume wa Bi Tangazo, akaja mwenyewe kwenye kamba za kuanikia nguo.

"Shemeji, mwaka huu pumzika. Tumepata mtu wa redio. Ana sauti ya kisasa."

Bi Tangazo alikamua shati moja mpaka Fundi, aliyekuwa akimtengenezea pasi, akalionea huruma. Mwenyekiti alipokwenda zake, akasema polepole, "Kufua hata mashine inafua, Fundi. Ile maiki ndiyo kazi yangu." Fundi hakuwahi kumsikia akisema polepole, na alitishika.

"Tumwambie habari ya saa," akasema.

"Nani amwambie? Mimi nimeambiwa nipumzike. Napumzika."

Bwana Redio alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizochongwa na sauti ya kumwaga asali. Alisoma ile karatasi ya wageni, akatangaza kama ilivyoandikwa: mashindano ya kuogelea, saa tatu kamili. Mara tatu, kwa msisitizo. Fundi alikaa nyuma yake kwenye kibanda cha mitambo, akijua kitakachotokea, akaongeza sauti ya spika kama alivyoagizwa.

Kesho yake saa tatu kamili, ufukweni walikuwepo wageni mia mbili, Mwenyekiti ndani ya suti, na bahari ambayo bado ilitosha kuogelea. Hakukuwa na mwenyeji hata mmoja. Waogeleaji nao walikuwa wenyeji.

"Waogeleaji wote, jitokezeni," akasema Bwana Redio. Baadaye akasema, "Tafadhali." Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa akiwasimulia wageni utoto wake.

Ufuo ule ni tambarare, na maji yake yakianza kupwa hayaagi mtu. Waogeleaji walipofika saa nne na robo, wakicheka, taulo mabegani, bahari ilikwishajiondokea. Wakaingia hivyo hivyo. Mshindi alilifikia boya kwa miguu, maji yakiwa magotini, na wa pili akapoteza kandambili kwenye tope. Wageni walipiga picha mpaka simu zikazima.

Bi Tangazo alikuwa amekuja kutazama, amevaa nguo yake ya sikukuu. Mwenyekiti, viatu vimejaa tope, akamvuta mpaka kwenye kibanda cha mitambo, alimokuwa Fundi, akafunga mlango. Bwana Redio alikuwa nje akinywa maji.

"Shemeji," akanong'ona, "njoo utangaze kesho. Lakini watu wasijue tumekuita. Tutasema Bwana Redio kapata mafua."

"Sijasikia," akasema Bi Tangazo. "Masikio ya uzee."

"Nasema, tunakuhitaji."

"Nani anamhitaji nani?"

Akamtupia Fundi jicho. Fundi alitazama swichi ya maiki. Mkono wake, ambao miaka yote haukuwahi kufanya jambo bila kuagizwa, ukaenda wenyewe.

"Mimi, Mwenyekiti, nakuhitaji wewe!" Spika kumi na mbili zikalisema hilo hadi gatini. "Nilikuwa mjinga, shemeji. Tazama, nimelowa tope mpaka kwenye soksi. Nakuomba!"

Kisiwa kizima kikapiga makofi.

Kesho yake Bi Tangazo aliwaita watu saa mbili, wakaja saa tatu. Akashika maikrofoni miaka saba tena, Bwana Redio akimsaidia kusoma majina ya wafadhili, mpaka kifua kilipomlaza kitandani kwa binti yake.

Fundi alikwenda kumwona siku mbili kabla ya tamasha. Akakaa kwenye kigoda. Kwa haya zake akashindwa kumwambia alilokuja nalo, kwamba kamati inauliza maiki apewe nani. Bi Tangazo alimsoma usoni, akacheka mpaka akakohoa, akamwashiria ainame.

"Mpeni yule wa redio," akasema. "Si mtu mbaya. Ana kasoro moja tu, ni mkweli. Mfundishe, Fundi."