Meseji ya Mama Kulwa kutoka Tura

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu inayonirudia kila ninapomwona kijana ameinamia simu. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, na shangazi yangu alinituma nimsindikize Bi Kaje, mwalishi wa mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora. Nyinyi wa leo huenda hamkumkuta mwalishi. Alikuwa mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba kuwaalika watu kwenye shughuli, na kama yeye hakupita, watu walijiona hawakualikwa.

Jua lilikuwa kali, na Bi Kaje hakuwa na haraka yoyote. Kila nyumba alipiga hodi, akakaa, akauliza habari za magoti ya bibi na za kuku aliyeatamia, ndipo akaifikia arusi aliyotumwa kuialikia watu. Mimi nilichoka. Nikamwambia, "Bi Kaje, si tusimame tu hapa njia panda tutangaze kwa sauti, mtaa mzima usikie?"

"Watasikia," akasema. "Na punda wa jirani naye atasikia. Utampikia pilau?"

Tukafika kwa mama mmoja. Mlango ulikuwa umeegeshwa, jiko halijawashwa, naye akatoka macho yamevimba. Mumewe alikuwa amerudishwa kutoka hospitali, hali yake si nzuri. Bi Kaje hakuitaja arusi hata kidogo. Aliuliza ndoo iko wapi, akanituma maji, akawasha moto, akateleka uji, tukaaga.

Njiani nikamuuliza mbona hakumwalika. Alisimama akanitazama, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Wewe mtoto, maneno nimepewa na wenye arusi. Macho ni yangu mwenyewe. Yule leo ningemwambia habari za ngoma, angenisikia?" Kesho yake alirudi peke yake kumwalika. Nami maneno yale nikayaweka moyoni, sikujua nitayahitaji lini.

Mwenyezi Mungu amenipa umri, namshukuru. Nimesomesha watoto Kurani mpaka wengine wameniletea wajukuu zao niwasomeshe. Mjukuu wangu mimi, Zuhura, anauza asali. Ana duka dogo Mtendeni, lakini wateja wake wengi wako kwenye simu, Dodoma, Mwanza, Dar es Salaam. Ana kurasa kwenye mitandao, na kurasa hizo, mwanangu, zinataka kulishwa kama kuku. Leo picha, kesho video, na meseji haziishi. Nilikuwa namwona anakula amesimama, simu mkono mmoja. Swala ya alasiri inampita akimweleza mtu bei ya lita.

Kisha akapata programu ya akili bandia. Alinikalisha akanionyesha. Unaiambia, "Niandikie tangazo la asali ya nyuki wadogo," nayo inaandika papo hapo, Kiswahili kizuri tu. Inampangia matangazo ya wiki nzima, lipi liende asubuhi na lipi jioni. Sitakudanganya, nilifurahi. Mtoto alianza kula ameketi. Alasiri tukaswali pamoja. Chombo kinachompa mtu nafasi ya kumkumbuka Mola wake sioni kwa nini nikilaumu.

Ila akaenda hatua moja zaidi. Akairuhusu ijibu meseji zote yenyewe, bila yeye kuziona kwanza.

Sasa umjue Mama Kulwa. Ni Mnyamwezi wa Tura, Mkristo wa kanisa la Moravian, mama wa mapacha, Kulwa na Doto. Mumewe, Baba Kulwa, ndiye aliyekuwa akitundika mizinga porini, na tangu Zuhura aanze biashara asali yake imetoka kwao. Kila Idi Mama Kulwa alitutumia karanga. Kila Krismasi Zuhura alimpelekea kitenge. Hatukuwahi kuwaita wauzaji.

Asubuhi moja akaandika kwenye ukurasa wa Zuhura: "Mwanangu, Baba Kulwa amefariki. Mazishi ni kesho. Asali ya mwezi huu haitapatikana." Na ile programu, kwa kuwa imefundishwa kukimbilia asali, ikamjibu hapo hapo: "Asante kwa kuwasiliana nasi! Asali yetu ni safi na ya asili. Ungependa kuagiza lita ngapi leo?" Ikaweka na vipicha vya nyuki wanaocheka.

Zuhura hakujua lolote. Doto ndiye aliyepiga simu mchana, na hakuzunguka: "Dada, Mama anauliza, hicho ulichomwandikia ni nini? Baba hajazikwa, wewe unatuuzia asali yetu wenyewe?" Akakata.

Mtoto alikuja chumbani kwangu analia. Hakuwa akilia biashara. Alisema, "Bibi, nimempoteza mama." Sikumgombeza. Nilishusha tasbihi nikamsimulia habari ya Bi Kaje, kama nilivyokusimulia wewe. Alipotulia akauliza, "Basi niandike pole ndefu, Bibi? Au nimtumie rambirambi kwa simu?"

"Vaa khanga," nikamwambia. "Tunakwenda Tura."

Kesho yake tukapanda basi la asubuhi. Tulikuta turubai limefungwa, wanawake wa kanisa wanaimba, Mama Kulwa ameketi mkekani. Zuhura akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, Mama. Mama, yale maneno si mimi niliyeyaandika. Ni mashine."

"Marahaba," akasema Mama Kulwa taratibu. "Najua si wewe. Ndiyo maana imeniuma. Mimi nilikuandikia wewe."

 Nilitafuta neno la kusema, mimi mwenye kufundisha watu, sikulipata.

Aliyelipata alikuwa mtani. Kwenye misiba ya huku, mwanangu, mtani ana ruhusa ambayo hata mchungaji na shehe hawana. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu babu zao walipokuwa wakipishana kwenye misafara ya kwenda pwani, na pale Tura palikuwa na Mzaramo mmoja, Mzee Kondo, mstaafu wa reli. Doto alikuwa amekwisha msomea ile meseji. Mzee Kondo akajifunga khanga kichwani, akaokota ndala akaiweka sikioni kama simu, akabana pua.

"Asante kwa kuwasiliana nasi! Kilio chako ni safi na cha asili. Ungependa kuagiza machozi lita ngapi leo?"

 Kisha Mama Kulwa akaanza kutikisika mabega. Alicheka, mwanangu, akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio, kile kilio chenyewe ambacho Doto alituambia hakijamtoka tangu mumewe afariki. Akaangukia begani kwa Zuhura. Wakalia pamoja.

Mzee Kondo hakumwacha Zuhura hivyo hivyo. "Wewe mke wa mashine! Faini yako masufuria yote ya msiba huu. Na uoshe kwa mkono, usiiambie simu ikuoshee!" Zuhura akaosha, masizi mpaka kwenye viwiko. Tulimzika Baba Kulwa kwa heshima. Mimi nilimwombea kwa njia ninayoijua, na wenyeji waliitikia amina.

Programu ile Zuhura hakuifuta, wala sikumshauri aifute. Bado inamwandikia matangazo na kumpangia siku. Lakini ameifungia mlango wa meseji. Hizo anazisoma mwenyewe kwanza, kila moja. Anayeuliza bei, programu inamjibu. Mwenye jambo lake anajibiwa na Zuhura. Inamchukua muda kidogo, na bado anakula ameketi.

Juzi Mama Kulwa alituma madumu ya kwanza tangu msiba, Kulwa ndiye aliyerina. Na meseji ikaja: "Asali imetoka. Unasoma wewe, au yule mwenzio?" Zuhura hakuandika kitu. Alipiga simu, na nilimsikia Mama Kulwa akicheka hata kabla ya salamu.

Basi nasaha yangu ndiyo hiyo, mwanangu. Vyombo vipya vinavyokupunguzia kazi vipokee kwa shukrani, kwa maana akili iliyoviunda ni kipaji cha Mungu. Viache viandike, vipange, vikukumbushe. Ila mtu akikubishia hodi, hata kama amebisha kwenye kioo cha simu, nenda ukamfungulie wewe. Mtazame kwanza ana nini, ndipo useme. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usitume maneno tu. Nenda mwenyewe.

Mola akupe riziki yenye baraka na muda wa kuila umeketi. Akupe macho ya kumwona aliye na msiba kabla hajakuambia. Na siku msiba utakapokufika wewe, akuletee watu mlangoni, na mtani mmoja wa kukuchekesha. Amina.