Nati ya Juu Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata siku niliyopewa diploma yangu ya umakanika kule Kampala. Ndiyo, naitaja diploma. Niliisomea huku nikiosha magari ya watu, sikushikwa mkono na mjomba yeyote. Wanaosema kujisifu ni vibaya, waseme.

Uhuru ulikuwa kesho yake. Baba mkubwa alikuwa na lori linalovuta kwa magurudumu yote manne, tunda la pamba yake, naye aliahidi kuwapeleka wacheza ngoma wa kijiji chetu cha Kiseke kwenye sherehe za Mwanza mjini. Dereva wake, Masanja, alikuwa ameliosha kama ilivyo kawaida yetu watu wa ziwani: unaliingiza majini mpaka tumbo linazama, unasugua, linatoka liking'aa.

Nilipolisikia linavyosaga, nikasema haliendi popote. Maji yalikuwa yameingia kwenye giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Oili ibadilishwe kwanza.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!" baba mkubwa akafoka. "Ukiniaibisha mbele ya watu, urudi hukohuko Kampala!"

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, baba mkubwa. Giaboksi ikikamata, magurudumu yakagoma pale kwenye mteremko wa mawe, hao wachezaji utawaokota mmoja mmoja."

Masanja akacheka. "Profesa, mbona ng'ombe hunywa maji na bado anatembea?" Akaingia chini ya lori na spana, aifungue nati ya chini ubishi uishe.

Nikamvuta mguu. "Ya juu kwanza!"

"Oili inatokea chini, bwana!"

"Na inaingilia juu!"

Nati ya juu ilikuwa imeshikwa na kutu. Wachezaji wakafika na ngoma zao, wakanikuta chali chini ya lori na shati langu jeupe, wakanitungia wimbo papo hapo: msomi amelala, lori limemlalia. Sikutoka. Mafuta ya taa, nyundo, spana. Mafuta ya taa, nyundo, spana, mpaka ikalegea. Ndipo nikafungua ya chini. Oili ikatoka imechanganyika na maji, nyeupe kama chai ya maziwa.

Wimbo ukakatika. Baba mkubwa alichovya kidole, akakitazama, kisha akaenda kuleta debe la oili mpya na kulishika mwenyewe. Jioni tuliteremka mjini salama, na usukani niliushika mimi.

Masanja angeimwaga kwanza, tungebaki na giaboksi tupu na tundu la kujazia lisilofunguka. Uhuru tungeusikilizia redioni!

Basi shika neno langu: kabla hujamwaga cha zamani, hakikisha pa kujazia kipya pamefunguka. Na jambo unalolijua kwa jasho lako, usiliache kwa sababu watu wanakuimba. Waache waimbe, watapanda gari hilohilo.

Mungu akupe mkono imara kwenye spana na sikio gumu kwa kejeli. Na kila utakachomwaga, akujalie cha kujazia.