Siku Tatu za Kuangalia Unguja

Ukisema unakwenda Unguja, Temeke ya wakati wa Mwingereza ilikuwa na swali moja tu: "Nani kafa?" Mwanamke alivuka maji kwa msiba, kwa harusi au kwa kutafuta mganga. Nilipojibu kwamba hakuna aliyekufa, tunakwenda kuangalia mji tu, mie na mke mwenzangu, watu walinikodolea macho kana kwamba nimevua kanga barabarani. Na wakodoe. Nilikuwa na akili zangu zote siku ile, na ninazo mpaka leo.

Mume wetu alikuwa mpishi kwenye stima iliyokwenda na kurudi Unguja. Alipofariki tulikaa eda nyumba moja, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Kwa miaka tisa tulikuwa tumegawana mume huyo kwa zamu, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kutoka pamoja hata kwenda sokoni, maana ilikuwa lazima mmoja abaki jikoni. Tulisalimiana vizuri na kuchunguliana sufuria. Sasa tukajikuta kwenye mkeka mmoja, yeye bi mkubwa na mie bi mdogo, hakuna tena zamu ya mtu.

Mwezi wa pili nikamwambia, "Dada, marehemu aliniahidi kunipeleka Unguja." Nilitaka kumchoma kidogo, sikatai. Akaniuliza kama niliahidiwa pia jumba refu lenye saa, milango ya nakshi yenye misumari ya shaba, na halua ya moto inayokorogwa na mzee mwenye kifua wazi. Vyote! Hata mzaha juu ya kifua cha yule mzee ulikuwa ule ule. Tulicheka mpaka shemeji yetu, mdogo wake marehemu, akagonga mlango kuuliza kama tumerukwa na akili. Kicheko kilipoisha nikashikwa na hasira. Nikamwambia mwenzangu kwamba tutakwenda wenyewe.

Nafasi yetu ilikuwa moja. Kaka yake mwenzangu alikwisha kutuma habari kwamba mwisho wa mwezi ambao eda ingeisha angekuja kumchukua, arudi Rufiji kulea watoto wa dada yao aliyefariki. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Akishapelekwa huko, nani angemtoa tena? Kwa hiyo tulitaka siku tatu, za kwetu, kabla hajaondoka.

Nilijua herufi za Kiarabu kutoka chuo cha Kurani, basi nikaandika mpango wetu juu ya karatasi ya mfuko wa sukari. Siku ya kwanza saa, Ngome na bustani ya mbele ya bandari. Siku ya pili soko, halua, na vichochoro vyenye milango ya nakshi, tupotee humo mpaka tuchoke. Siku ya tatu tulizozana, mie nikitaka mashamba ya karafuu, yeye akitaka kukaa tu penye taa za umeme azione zikiwaka. Tungelala kwa mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyekuwa akipangisha vitanda, tusimsumbue ndugu wa mtu. Wanawake waliokuja kutuhani walikuta vichwa vyetu vimeinama juu ya karatasi, wakadhani tunasoma uradi. Hatukuwasahihisha.

Eda ilipoisha tukakata tiketi. Nauli ilitoka kwenye vitumbua vyangu na mikeka yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuuliza.

Kosa tulilifanya wenyewe. Tulikwenda kuaga. Kwetu sisi watu wa pwani, msafiri asiyeaga hakufunzwa adabu, na anayeaga hupewa mzigo. Huyu akaleta gunia la ng'onda, samaki wakavu wa Kunduchi, tumpelekee shangazi yake Bububu. Yule akaleta kuku wawili wazima wa binti yake aliyeolewa Chwaka. Shemeji, aliyekuwa ameipinga safari mwezi mzima, akawa mpole ghafla. Alileta kikapu cha mjomba wake wa Mkokotoni, mbali kaskazini mwa kisiwa.

"Sasa angalau mna sababu ya kwenda," akasema.

Mwenzangu alipokea kila kitu. Neno "hapana" halikuwamo kinywani mwake. Tangu alipozaliwa alikuwa mtu wa kuitikia. Nilipoitazama karatasi yetu, nikaona Bububu imekula siku ya kwanza, Chwaka ya pili, Mkokotoni ya tatu. Hata saa ile tusingeisikia ikigonga.

"Turudishe," nikasema.

"Watu watasema tuna roho mbaya, mdogo wangu."

"Waseme!"

Hakutaka. Basi nikarudisha mwenyewe, mchana kweupe, nyumba kwa nyumba, kuku wananipigia kelele kwapani. Nilitukanwa vya kutosha. Mmoja aliniuliza ni safari gani hiyo isiyoweza kubeba hata kuku, nikamwambia ni ya kwetu. Shemeji nilimkuta barazani na wenzake.

"Shemeji, kikapu chako hiki hapa."

"Mjomba ataniona mie mtu gani?"

"Atakuona mtu mwenye miguu. Mpelekee mwenyewe."

Siku ile mwenzangu hakunisemesha. Nilianza kuogopa kwamba nimeitetea safari na kumpoteza msafiri.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa tumekwisha vaa, kaka yake akaingia uani, wiki nzima kabla ya siku aliyosema. Lori lililomleta lilikuwa likirudi Rufiji adhuhuri ile ile. Shemeji alisimama nyuma yake akitazama chini, nikajua habari zilipelekwa na nani.

"Shikamoo, kaka," mwenzangu akasema.

"Marahaba. Fungasha, lori halingoji."

Mwenzangu akageuka, akaingia chumbani. Nilimjua vizuri, alikuwa anakwenda kufungasha.

Akatoka na kifurushi kile kile tulichokifunga jana yake. Akafunga mlango, akaushika mkono wa kaka yake na kumwekea ufunguo kiganjani.

"Unga umo mtungini, kuni ziko nyuma ya nyumba. Mie nakwenda Unguja. Nitarudi Jumatatu."

"Unguja? Kuna nini huko?"

"Sijui, kaka. Ndiyo maana nakwenda."

"Na lori?"

"Liende."

Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile aliyokuwa akiitikia nayo siku zote. Kaka yake alimtazama shemeji, shemeji akatazama kuku wa jirani. Tukapita katikati yao.

Tuliporudi Jumatatu tulikuta kaka ameondoka, ufunguo ameuacha kwa jirani. Alikuja tena mara mbili kumtaka, na mara zote mbili alijibiwa uani pale pale, bila kupandishiwa sauti. Rufiji mwenzangu hakwenda. Tuliishi pamoja Temeke, wajane wawili wa mume mmoja, tukatoka na kufunga mlango kila tulipotaka, mpaka siku nilipomwosha na kumvisha sanda kwa mikono yangu.