Nyumba Tuliyoifunga Wenyewe Tumati

Nilijua pua yangu imekufa siku nilipofungua belo la masweta mnadani Katesh. Yeyote aliyefanya kazi ya mitumba anaijua ile harufu inayotoka kamba zikikatwa, dawa na vumbi na kabati za watu wa mbali. Inapanda puani mpaka machozi yanatoka. Siku ile nilikata kamba, nikainamisha uso, na hakukuwa na chochote. Jirani yangu wa meza, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge, alipiga chafya mara tatu kwa sababu ya belo langu. Mimi nilisimama pale kama mtu anayenusa maji.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mogitu. Nimepanga vyumba vingi maishani. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu. Nimelima vitunguu vya watu, nimepika kwa mama lishe, na mwisho nikaingia kwenye nguo, kwa sababu mnada unahama na mimi napenda kuhama. Lakini kila nilipohamia niliota nyumbani Tumati, ile baridi ya asubuhi na moshi unaolala juu ya paa bila kupanda. Mtu anayezurura hukumbuka kwao kuliko anayebaki. Kaka yangu, ambaye hajawahi kuhama, aliniambia siku moja kwamba mimi naipenda Tumati kwa sababu silimi huko.

Homa ilinipata jioni ya siku ile ile ya mnada, ikanilaza siku tatu. Siku ya nne nilikwenda zahanati kupima. Watu walikuwa wengi kwenye benchi, wengi wao wakikohoa, na kila mmoja alisema ni baridi ya Juni. Nilimwambia muuguzi kuhusu pua, nikamwuliza kama naweza kupimwa korona. Alinijibu bila ukali kwamba kipimo hicho pale hakipo. Kilichokuwepo ni cha malaria. Akanitoboa kidole, tukasubiri.

"Huna kitu," akasema. "Ila kaa ndani wiki mbili, usichangamane na watu."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote. Alisema mambo mawili, mimi nikabeba moja. Sisi tumezoea kipimo kimoja tangu utotoni: ukiumwa unapimwa malaria, na isipoonekana unaambiwa huna kitu, unarudi shambani. Nilitoka pale nikijiona mzima. Wiki moja baadaye homa ilikuwa imekwisha, kikohozi kilikuwa kimebaki kidogo, na kaka akapiga simu kusema maharage ya baba yamekauka, mikono haitoshi. Nikapanda basi.

Baba alikuwa amepita miaka sabini na alikuwa mjane. Aliishi peke yake katika nyumba tuliyozaliwa. Nyumba ya kaka na mke wake iko ng'ambo ya zizi. Nilimkuta amekaa juani mbele ya mlango, kofia imefunika masikio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekuja kulala au umekuja kupita?"

Nilimwambia nimekuja kulala. Akacheka, akasema basi nitandike kitanda vizuri maana hata kuku wake wamesahau sura yangu.

Siku nne tulipiga maharage juu ya turubai. Baba hakuweza tena kupiga kwa nguvu, lakini alikataa kukaa, akawa anapepeta upande wa chini wa upepo, vumbi lote likimwendea usoni. Tulikula makande kutoka sufuria moja. Kibuyu cha maziwa kilizunguka kwangu, kwake, kwa kaka. Jioni tulikaa karibu na moto, naye akaniuliza habari za kila mji niliopita, mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza habari za ndugu. Sikumbuki siku nyingine katika utu uzima wangu ambapo sikutamani kuondoka.

Siku ya tano alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la maharage. Kaka alisema ni baridi. Mimi nilichemsha majani ya mkaratusi na malimao, nikamfunika blanketi juu ya sufuria ajifukize, kama kila nyumba ilivyofanya miezi ile. Chini ya blanketi nilimsikia akihema kama aliyepanda mlima. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, kaka akiwa nyuma amemshika. Walimpima malaria. Walisema hana, lakini kifua hawakipendi, apelekwe hospitali.

Hospitali walimwekea hewa. Nilimwuliza daktari, mtu mpole ambaye macho yake yalionyesha hajalala, kama baba anaweza kupimwa korona. Alinieleza taratibu kwamba sampuli husafirishwa mbali, majibu huchukua siku nyingi, na vifaa vya kuchukulia sampuli kwa wakati ule vilikuwa vimekwisha. Akaongeza kwamba hata wangepima, matibabu yangekuwa yale yale. Nilielewa. Matibabu yake yangekuwa yale yale. Mimi ndiye niliyehitaji jibu.

Alifariki siku ya tatu, mchana, kaka akiwa amekwenda kununua uji. Kwenye karatasi waliandika nimonia. Kaka aliisoma kwa sauti, nikaona mabega yake yakishuka. Nimonia ni ugonjwa wa watu. Mtu wa nimonia anaoshwa na wanawe, anaimbiwa, anazikwa na kitongoji kizima. Tulikuwa tumesikia habari za waliozikwa na wageni waliovaa glovu, ndugu wakitazama kutoka barabarani. Kama ningefungua mdomo pale hospitali nikasema niliugua, pua ilikufa, nikaja kula naye sufuria moja, huenda baba naye angezikwa hivyo. Nikanyamaza. Sijui mpaka leo kama nilinyamaza kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Walikuja watu wengi kutoka Tumati yote, na wengine kutoka Bashay. Kila mmoja alinipa mkono, akasema pole. Wazee wenzake waliinama juu ya jeneza, wakakohoa, wakajifuta kwa kofia. Baada ya maziko wanawake walibaki jikoni, na mimi nikawapa chai, kikombe kwa kikombe, kwa mikono yangu.

Kesho yake asubuhi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja jikoni kunisaidia. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kauli za kukata. Tulikuwa wawili tu. Nje wanawake walishaanza kufika na masufuria yao. Nilimwangalia akikunja mikono ya sweta ili akakae katikati yao, nikajikuta nasema.

"Shangazi, kabla sijaja niliumwa. Homa siku tatu, na pua ilikufa."

Akaacha kukunja.

"Kaka yako anajua?"

"Hapana."

"Na hao uliowapa chai jana?"

Shangazi akafunika sufuria ya chai, akasema isitoke. Akaenda mlangoni, akawaambia wanawake kwa Kiiraqw, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nyumba hii imefungwa, warudi makwao, wakae, na asiyejisikia vizuri asiende kwa mwenzake. Akakata tawi la miiba pembeni ya zizi, akaliweka katikati ya njia.

Wazee waliielewa ile miiba kabla hajamaliza kuilaza. Zamani, kabla kanisa halijashika huku, nyumba iliyopatwa na vifo vya namna fulani ilikaa peke yake miezi, hata mwaka. Hali hiyo waliiita metimani. Watu wake hawakuchota maji pamoja na wengine, ng'ombe wao walilishwa upande wao, na hakuna aliyevuka kizingiti chao. Sisi tuliozaliwa ndani ya ubatizo tuliisikia tu kama hadithi.

Kaka alikuja mbio. Yeye ni kiongozi wa jumuiya kanisani, na alikuwa na haya mbele ya waombolezaji waliokuwa wanageuka na vyombo vyao.

"Shangazi, sisi ni Wakristo. Haya mambo tuliyaacha."

"Na mimi jana niliimba wapi, msikitini?"

"Hata kwa mila yenyewe, mzee wa umri wa baba hafungiwi nyumba."

"Mila usinifundishe. Sifungi kwa ajili ya kifo. Nafunga kwa ajili ya kikohozi."

Kaka akaniangalia mimi, kisha yeye, kisha mimi tena. Shangazi hakumwambia zaidi. Alimwambia tu naye akae kwake asichangamane na watu, na atuletee maji na maziwa, aweke kwenye jiwe karibu na miiba, aondoke ndipo tutoke.

Tulikaa wawili siku kumi na nne, kwa sababu hizo ndizo siku tulizozisikia redioni mwanzo wa ugonjwa. Shangazi aliniambia wakati wa utoto wake walikaa hivyo karibu mwaka mzima, mama yake alipofiwa na mtoto anyonyaye. Kilichomwumiza hakikuwa njaa. Kilikuwa sauti za watoto wenzake wakicheza ng'ambo ya bonde, wakiitana majina, na jina lake halimo. Mimi niliyezoea kukaa peke yangu kwenye vyumba vya kupanga nilidhani nitaweza. Lakini kule nilikuwa mgeni, na mgeni hana anayemkosa. Hapa nilimwona mke wa kaka akianika nguo, nikasikia ng'ombe wetu wakikamuliwa, na kikombe cha baba kilikuwa kwenye msumari wake. Shangazi alikataa nikiguse.

Siku ya sita alishikwa na homa. Alilala siku nne, akijifukiza mwenyewe, akinifukuza kila nilipomkaribia. Akapona. Yeye pia hakupimwa na hakuna daftari lililoandika jina lake. Katika siku zile kengele ya kanisa ililia mara mbili kwa misiba, na kwa kuwa sikuweza kutoka kuuliza, nilibaki na swali. Baadaye niliambiwa mmoja alikuwa mzee wa Bashay aliyekuja kumzika baba. Walisema ni kifua chake cha siku zote. Kweli alikuwa na kifua siku zote.

Siku ya kumi kaka alileta maziwa na hakuondoka. Alisimama upande wake wa miiba, kofia mkononi. Nadhani alikuwa ameifikiria sentensi yake muda mrefu.

"Ulikuwa unaumwa kabla hujaja?"

"Ndiyo."

"Ulipimwa?"

"Nilipimwa malaria. Wakasema sina kitu."

Alitazama chini, akasogeza jiwe kwa kiatu.

"Baba naye hakuwa na kitu," akasema.

Aliondoka, na kuanzia hapo maziwa yaliletwa na mke wake. Siku ya kumi na nne shangazi aliliondoa tawi, akaoga, akaenda kwake bila maneno mengi. Kaka alikuwa shambani upande wa juu. Nilimwona mgongo tu. Nilisimama na begi langu mpaka pikipiki iliponipigia honi mara ya pili.

Nikarudi Mogitu, kwenye mabelo yangu. Harufu ilirudi kidogo kidogo, sabuni kwanza, nyama ya kuchoma mwisho. Redio ilizitaja namba za nchi za mbali kila siku. Za kwetu zilipotajwa niliongeza sauti, ingawa nilijua baba hamo, wala mimi, wala shangazi, wala lile benchi lote la watu waliokuwa na baridi ya Juni. Nilimpigia kaka mara moja kwa mwezi. Tuliongea mvua na mahindi. Hayo yakiisha nilitoa salamu kwa wa nyumbani, tukakata.

Nilitaka kumpa jibu. Nilidhani nikipata hakika, hata iwe mbaya, ataweza kunikasirikia au kuacha kunikasirikia, na yote mawili yangekuwa afadhali kuliko mvua na mahindi. Wataalamu wa chanjo walipokuja mnadani, nilichanjwa, kisha nikamvuta mmoja pembeni nikamwuliza kama damu yangu inaweza kuonyesha kama niliugua mwaka ule. Aliniuliza ni zamani kiasi gani. Nikamwambia. Akasema kwa heshima kwamba muda umepita sana, na sasa nimechanjwa, haiwezi kusema. Nilipomtajia baba, akasema kwa aliyezikwa haiwezekani kabisa.

Jioni hiyo nilimpigia kaka, nikamwambia yote bila kuanza na mvua. Kwamba nimeuliza, na kwamba haitajulikana kamwe kama ni mimi niliyempelekea baba.

"Mimi nilishakubali kwamba ni wewe," akasema. "Tangu ile siku pale kwenye miiba. Usiendelee kuuliza watu."

Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile nilikuwa natumaini atasema sivyo.

"Ng'ombe mwekundu amezaa jana," akaendelea, sauti ile ile. "Mke wangu anasema uje uchukue maziwa ya mwanzo, yeye peke yake hayamalizi."

Nilikuwa nimekaa juu ya belo ambalo sijalifungua, nje watu wakikunja meza zao. Nilimwuliza amezaa dume au jike.

"Jike," akasema.

Nikamwambia nitakuja Jumamosi.