Beba Ile ya Zamani

Enzi zetu mtoto hakutumwa dukani mikono mitupu. Ukitumwa soda, ulibeba chupa tupu. Ukitumwa mafuta ya taa, ulibeba kibuyu cha plastiki chenye kizibo cha gunzi la mahindi. Na ukitumwa spea ya baiskeli, ulibeba ile iliyokufa, yenye grisi yake na kutu yake, ukaiweka juu ya meza ya mwenye duka kabla hata ya kumwamkia. Sisi tuliokulia Busia na Tororo, ambao baba zetu walilisha nyumba kwa kubeba watu kwenye kariari ya baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, tunajua kwamba hiyo haikuwa ushamba. Ilikuwa elimu. Siku hizi mtu ana shahada mbili na hajui kwamba kitu kina urefu.

Nisianze kutukana mapema. Kwanza niwaambie habari ya kompyuta ya mama.

Nyumbani kwetu ni Buteba, lakini mama alikuwa na chumba chake Busia mjini, upande wa Uganda, alichoandika mlangoni kwa rangi ya kijani: KUCHAPA NA KUNAKILI. Alianza na taipureta. Kisha ofisi fulani ikafungwa huko Tororo, ikauza vitu vyake, na mama akarudi na kompyuta iliyofungwa kwa kamba ya mkonge nyuma ya baiskeli ya baba, monita ikiwa imefunikwa leso kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Watoto wa mtaa mzima tuliacha ringi zetu barabarani tukaifuata hadi mlangoni.

Nyinyi mnaolalamika kwamba simu imechukua sekunde tano kufungua picha, mngelia mbele ya mashine ile. Tuliiwasha, tukainjika uji wa mtama, uji ukaiva, tukaunywa, tukaosha vikombe, na ilikuwa bado inawaza. Hakuna aliyesema itupwe. Nani atupe kitu kinachowaka?

Tatizo lilikuja na mitihani. Mwalimu mkuu wa shule moja ya upande wa Iyolwa alimpa mama kazi ya kuchapa mitihani ya mwisho wa muhula, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyotuweka sisi wenyewe shuleni. Lakini mama akifika ukurasa wa tatu, wenye majedwali, mashine inaganda. Anazima, anawasha, tunapika uji mwingine, anaanza upya. Jumatano mwalimu mkuu akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Nabwire, Jumatatu asubuhi nakuja. Nikikosa karatasi, kazi hii naipeleka Tororo mjini, na siirudishi tena."

Nabwire ndiye mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na nilimwona mama akikunja midomo yake namna alivyokunja akihesabu siku.

Mama alikuwa amesoma kozi ya wiki sita, akajua ugonjwa. Alitueleza akiwa anasukuma chapati, na sijawahi kusikia mwalimu wa chuo akieleza vizuri zaidi. "Gunia la unga liko kwa kona, limejaa," alisema. "Hiyo ni pale mashine inaweka vitu. Lakini kibao ya kusukumia ni hii, ndogo. Unga hata uwe wa gunia kumi, nasukuma moja moja. Memori ndiyo kibao. Tukipata kibao kubwa, mashine inapumua." Basi. Ndugu msomaji, kama hukuwahi kuelewa memori ya kompyuta, sasa umeielewa, na hukulipa karo.

Mjomba Wandera akajitolea kwenda kuitafuta. Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa moyo mkubwa na masikio madogo. Alivuka Alhamisi hadi upande wa Kenya, ambako mafundi walikuwa wakiuza kompyuta zilizokufa vipande vipande, kama ng'ombe buchani, na akarudi akipiga mluzi. Memori aliyoleta ilikuwa safi, inang'aa, ndefu sawasawa na ya kwetu. Haikuingia.

Sasa nieleze kidogo, maana kosa hili bado watu wanalifanya. Memori ni kibamba chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Katikati ya meno yale kuna pengo, kama la mtoto wa darasa la kwanza. Mapengo hayo hayakuwekwa kwa urembo. Kila kizazi cha kompyuta kina pengo lake mahali pake, na kwenye bodi, ile sahani ya ndani inayoshika vyote, kuna mtaro wenye kinundu kinachokaa ndani ya pengo hilo, ili usichomeke kizazi kisicho chake. Memori ya mama ilikuwa na mapengo mawili. Ya mjomba ilikuwa na moja.

"Wandera," mama akamuuliza, "ulienda na nini kwa mkono?"

"Mimi? Nilienda na kichwa yangu. Nilisema nataka memori ya kompyuta, akanipa memori ya kompyuta."

"Na hiyo kichwa yako iko na mapengo ngapi?"

Tulicheka sana. Laiti angerudi dukani wakati ule ule! Lakini mjomba alikuwa fundi wa baiskeli, na fundi wa baiskeli wa Busia haamini kwamba kuna chuma kinachoweza kumkatalia. Ekseli ikikataa, inachongwa. Ijumaa, mama alipokwenda kununua karatasi, mjomba alitoa tupa mfukoni, akaibana memori ile kwa magoti, akaichonga pengo la pili. Nilikuwepo. Vumbi la kijani lilianguka juu ya suruali yake. Akaipuliza, akachomoa ya zamani, akaisukumiza yake ndani kwa kiganja, akawasha.

Harufu yake naikumbuka hadi leo: kama nywele za mtu zimeguswa na mkaa. Moshi mdogo, mwembamba, ukapanda kutoka kwenye mtaro ule. Mjomba akaangalia dari.

Mama aliporudi aliisikia harufu ile tangu mlangoni. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaweka karatasi zake mapajani. Baba alikuwa amefika kula, akafungua sanduku la mashine, akachungulia ndani. Mitaro ilikuwa miwili; wa kwanza umeungua, wa pili mzima. Wakarudisha memori ya zamani kwenye ule mzima. Tukangoja. Ikawaka, polepole kama kawaida yake, na hakuna aliyewahi kufurahia uvivu kama sisi siku ile. Ila sasa nafasi ilikuwa moja tu. Hapakuwa tena na kuongeza. Ilibidi kutoa ndogo na kuweka kubwa mahali pake, na ikikosewa mara ya pili, basi mashine imezikwa na kazi imekwenda Tororo.

"Spea hainunuliwi kwa mdomo," baba akasema, akiwa hamtazami mtu. "Kesho nakwenda na ile ya zamani."

Jumamosi tukaenda, mimi nikiwa kwenye kariari. Memori nilipewa mimi, kwa sababu mikono ya baba ilikuwa na grisi. Niliifunga kwa karatasi ya daftari la hesabu, nikaiweka ndani ya mkebe wangu wa jiometri, nikaushika mkebe kwa mikono miwili kifuani. Kule chumbani kwa mama mashine ilikuwa imekaa wazi, haina kitu. Nikiuangusha mkebe ule chini ya gurudumu la lori, nimemwangusha mama. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali, madereva wanapika chai chini ya matela, wanawake wanauza samaki wa kukausha na karanga, na vumbi lilikuwa lile lile pande zote mbili za mpaka. Mimi sikuona mengi. Nilikuwa nahesabu kila shimo la barabara kwa makalio yangu.

Muuzaji alikuwa mzee mwembamba aliyetandaza turubai, bodi zimepangwa kama mihogo inayoanikwa, na memori zimesimama wima ndani ya beseni la kufulia. Hakutuamkia.

"Ya zamani iko wapi?"

Nikafungua mkebe. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nyinyi ni watu. Juzi alikuja bwana mmoja hapa, anasema, nipe memori ya kompyuta. Ni kama kusema, nipe kiatu cha mguu! Namuuliza ya namna gani, ananiambia, ya kompyuta, mzee, huelewi Kiswahili?"

Baba alikohoa. "Huyo ni shemeji yangu."

"Pole sana, ndugu yangu."

Kisha akatufundisha, na mpaka leo sijaona njia nyingine iliyo bora. Alitoa memori moja kwenye beseni, akaigonganisha mgongo na ile ya kwetu, akaziinua zote mbili kuelekea jua. Mwanga ukapenya kwenye mapengo yote mawili, mahali pale pale, bila kivuli. Akanipa nami nitazame. Akasoma namba zilizo kwenye karatasi ya mgongoni, akatuonyesha kwamba hii ni kubwa mara nne. Akasema tusichukue kitu kabla ya kukiona kikiwaka. Akaichomeka kwenye mashine yake iliyokaa uchi juu ya kreti, skrini ikaihesabu memori yote hadi mwisho. Halafu akaniomba kifutio changu cha penseli. Nilidhani anatania. Akasugua yale meno ya dhahabu taratibu, uchafu mweusi ukatoka, na akaniambia kwamba nusu ya memori zinazotupwa na watu hazijafa, zimechafuka meno tu. Baba alipatana naye bei kwa shilingi za nchi mbili, kama ilivyo kawaida ya kwetu, nikarudi na mkebe wenye memori mbili, nzito maradufu moyoni mwangu.

Mama aliichomeka mwenyewe. Vibanio vya pande mbili za mtaro vikalia tak, tak. Nikainjika uji kwa mazoea, na maji hayajachemka mashine ikawa imeshaamka. Dada yangu alipiga vigelegele. Jumapili baada ya ibada mama akachapa, akafika ukurasa wa tatu, akapita. Akafika wa tisa. Jumatatu mwalimu mkuu alikuta mafungu yamefungwa kwa mkonge, akageuza kurasa, akatafuta kosa, akakosa.

"Mama Nabwire, umenunua mashine mpya?"

"Hapana, Mwalimu. Kibao tu ndiyo nimebadilisha."

Aliondoka bila kuelewa. Shule yake ilileta mitihani kwa mama mpaka nikamaliza sekondari. Na memori aliyoichonga mjomba, mama aliitoboa tundu akaifanya kishikio cha funguo za chumba kile. Mjomba akija kutusalimu, mama alizichezesha funguo zile mezani mpaka mwenyewe akacheka.

Sasa nije kwa hawa wa leo. Mwezi uliopita Taaka, binti ya kaka yangu, aliyeko chuoni, ambaye huniita Senge, yaani shangazi kwa lugha ya kwetu, alikuja nyumbani na laptopu chini ya kwapa.

"Senge, hii imekufa. Mwambie baba aninunulie nyingine."

Nikaiwasha. Ilikuwa imekufa kama mtu aliyeshiba anavyokufa baada ya chakula cha mchana. Nikafungua skrubu za chini, nikachomoa memori, ndogo, fupi kama kidole changu, nikampa. Nikamweleza mambo ya kibao na gunia kwa upole wote alionifundisha mama. "Beba hii hadi Busia, uwape mafundi, utafute kubwa yake."

Alinitazama kama nimemwambia abebe jiwe la kusagia. "Senge, nani anatembea na kitu siku hizi? Nitapiga picha." Akaipiga picha. Akaiongezea urembo, sijui kwa ajili gani, memori ikang'aa kuliko ilivyozaliwa. Akaiacha halisi mezani kwangu, akaenda.

Jioni akarudi na memori ya kompyuta ya mezani, ndefu mara mbili. Akaiweka juu ya mtaro wa laptopu. Ikatokeza upande wa pili kama miguu ya mgeni mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

"Lakini kwenye picha zilifanana," alisema.

Mama, ambaye sasa anakaa kwangu na macho yake hayaoni vizuri, aliomba ashike. Akaipima kwa vidole, akaipima na ile fupi, akaanza kucheka mpaka leso ikamtoka kichwani. "Wandera!" akasema. "Wandera hajafa, jamani! Amepata simu!"

Tulicheka, na Taaka akakasirika, kisha naye akacheka. Lakini baada ya hapo mimi nilibaki na huzuni kidogo. Kompyuta za kisasa zaidi, nimezifungua, memori imegandishwa kwa risasi ya kuchomelea kwenye bodi. Hakuna kibanio cha kulia tak. Ikipungukiwa, unaambiwa ununue nyingine nzima, na watu wanashukuru. Enzi zetu kitu kilikuwa na skrubu, na mwenye skrubu alikuwa na matumaini. Leo tunaona picha ya kila kitu duniani, na hatujui uzito wa kilicho mkononi.

Ya Taaka, kwa bahati, ni ya zamani kiasi, inachomoka. Kesho yake asubuhi alisimama mlangoni tayari kwenda. Nilimpa mkebe wangu wa jiometri, ambao rangi yake imekwisha, na ndani ile fupi imefungwa karatasi ya daftari. Mama akamwita, akachomoa kwenye funguo zake kile kibamba chenye pengo la tupa, akamfungia kwenye mkoba.

"Ukifika," akamwambia, "usiamkie mtu. Weka kwa meza kwanza."