Ugomvi wa Kufungulia Pazia

Fundi Kesho hakupewa jina hilo na mama yake. Alibandikwa na wateja, maana ukiulizia nguo yako jibu lilikuwa hilohilo, njoo kesho, tena kwa uso mkavu. Lakini jioni, cherehani ikishafunikwa, mwanamke huyu aliongoza kikundi cha maigizo, na huko hakuchelewa hata siku moja.

Kilichomnyima raha ni mwanzo. Igizo lililopita lilifunguliwa kwa hotuba ya mlezi wa kikundi, na alipomaliza kuwakaribisha wageni, nusu ya wageni walishaondoka. Msimamizi wa ukumbi akasema wazi: viti vikibaki vitupu tena, ukumbi mtausikia kwenye bomba, hampewi tena.

Safari hii, hotuba hakuna. Pazia lingefunguka yeye akiwa jukwaani anashona, kimya. Kisha dada yake, aliyejificha katikati ya watazamaji, angeinuka kudai nguo yake kwa makelele. Walifanya mazoezi mpaka sauti zikawakauka.

Siku ya kwanza watu walijaa. Pazia likafunguka, cherehani ikaanza kunguruma. Mara sauti ikapasua ukumbi.

"Kumbe nafasi ya kushona unayo! Gauni langu liko wapi?"

Haikuwa sauti ya dada yake. Alikuwa mteja, mteja wa kweli, kasimama safu ya tatu, mikono kiunoni. Dada mtu naye alikuwa amesimama mdomo wazi, zamu yake imeshachukuliwa.

Fundi Kesho alilowa jasho. Halafu akaona vichwa vyote vimegeuka, hakuna hata mmoja anayepiga soga na jirani yake, na furaha ikampanda.

"Shoga, limebaki vifungo tu!"

"Vifungo tangu harusi ya mwanangu? Mjukuu sasa anatembea!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dada akaona isiwe tabu, akarukia jukwaani: "Na langu je?" Igizo likashika njia. Hadi mwisho hakuna aliyeondoka, na msimamizi mwenyewe alikuwa mlangoni akijifuta machozi ya kucheka.

Asubuhi Fundi Kesho alishona vifungo, akalipiga gauni pasi, akalipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa mteja. Yule mama akalijaribu, likamkaa vizuri kweli. Akalivua, akalikunja, akamrudishia.

"Kaa nalo kwanza," alisema. "Leo si mnaonyesha tena? Nikilichukua, tutagombania nini?"